Uji wa Kuziba Hita ya Fomeni

Jumapili, 10 Julai 1983

Baridi ya kung'ata masikio. Tumerudi kutoka kanisani na Fomeni, na Njoki ameshuka viatu vikilia chwaka chwaka. Soksi zimelowa. Kioo cha mbele kilijaa ukungu kwa ndani, mpaka Irungu aliendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha kama mbuzi anayepelekwa sokoni.

Fomeni ni gari letu. Bedan wangu, Mungu amlaze pema, alilinunua kwa fomeni wake wa reli, Mzungu aliyefunga virago mwaka wa Uhuru. Jina likabaki. Tena ana hita! Katika Kariobangi nzima, mtaa wetu, sijaona gari kuukuu jingine lenye hita inayotoa moto, na nimeuliza.

Irungu mwanangu amesema hita ndiyo imetoboka, na kwamba yeye amechoka na gari hili. Harusi ya binti yake, Njoki, ni Jumamosi hii. Fomeni asipopona kufikia Ijumaa, bibi harusi atabebwa na gari la Mulama, mjomba wa bwana harusi. Jeupe, jipya, viti bado vina nailoni. Na wiki itakayofuata, mnunuzi wa vyuma vikuukuu atakuja kumvuta Fomeni kwa kamba.

Kwa kamba! Fomeni!

Njoki akiwa na miaka sita, Bedan alimkalisha pale mbele juu ya mto wa manjano, akamwahidi kwamba siku ya harusi atatoka kwetu ndani ya gari hili, amevaa shela, hita ikimpasha miguu. Bedan hayupo. Ahadi ipo. Basi imebaki kwangu.

Na kuna Khalayi, mama yake Patrobas, bwana harusi. Mulama ni ndugu yake. Nikibebewa mtoto na gari lao, Khalayi atausimulia mtaa wao wote wa Huruma mpaka nizikwe.

Nimemwambia Irungu aniachie mimi. Akacheka. "Mami, wewe ni mtu wa uji."

Ndiyo. Na ni uji huo uliomsomesha mpaka akajua kunicheka.

Mwalimu Lydiah wa gumbaru, darasa letu watu wazima, alituambia tuandike kila siku ili herufi zisitukimbie. Naandika. Zikikimbia, nitazifuata.

Jumatatu, 11 Julai

Uchunguzi!

Kwanza niseme jambo ambalo Irungu hajui. Mwezi wa Julai uji hauchachuki. Unalala tu kwenye sufuria kama mgonjwa. Kwa hiyo kila jioni, kabla Irungu hajarudi kutoka kiwandani, naweka sufuria sakafuni mwa Fomeni, chini ya hita, nawasha injini nusu saa. Asubuhi umechachuka vizuri, wateja wanapanga foleni. Irungu anasema kuna mwizi wa petroli mtaani. Amenunua kifuniko cha tangi chenye kufuli. Namhurumia sana.

Kwa hiyo nilianza kwa kujishuku mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yangu. Labda ni sufuria iliyomwagika. Nikaitoa. Nikakausha kapeti kwa tambara. Nikatandaza gazeti. Nikawasha injini, nikakaa nikitazama gazeti kama mtu anayejua kulisoma lote.

Mwanzoni kavu. Injini ilipopata joto, kioo kikaanza kutoa jasho. Halafu gazeti likalowa upande wa abiria, chini kabisa ya dashibodi. Nikachovya kidole. Vuguvugu. Nikaonja. Kutu. Hakuna uchachu hata kidogo, kwa hiyo si uji wangu. Si mvua, maana haijanyesha. Si mtoto, maana hakuna mtoto aliyekaa hapo.

Basi ni hita. Irungu alisema hivyo hivyo, lakini yeye alibahatisha. Mimi nimehakikisha.

Jumanne, 12 Julai

Nimemponya Fomeni. Mimi mwenyewe, kabla ya saa nne asubuhi.

Sufuria yangu kubwa ina tundu tangu mwaka wa sabini na tisa. Sijawahi kuipeleka kwa fundi. Uji uliliziba wenyewe, ukakauka, ukawa mgumu kuliko bati. Sasa, hita ni nini? Ni sufuria yenye mabomba. Maji ya moto yanatoka kwenye injini, yanapita ndani yake, yanarudi. Nimeshangaa mafundi hawajaliona hili miaka yote hiyo.

Nikakoroga uji mwepesi wa unga wa wimbi, vikombe vitatu. Nikafungua mdomo wa radieta. Nikamnywesha taratibu kama mgonjwa. Nikawasha injini. Nikatandaza gazeti.

Kavu!

Nikangoja nusu saa. Kavu kama midomo ya Irungu akiombwa msaada.

Khalayi akaja kuonyesha kitambaa cha wamama wa upande wao. Nikampa kiti, nikampa uji, nikamwambia Fomeni amepona, kwa hiyo gari la kaka yake linaweza kubeba masufuria. Akanywa polepole. Akasema ni vizuri sana, mkwe, lakini Mulama ataliosha tu gari lake, kwa sababu huwezi jua.

Huwezi jua! Ndani ya nyumba yangu! Akinywa uji wangu!

Nikatabasamu. Alipoondoka nikawaita wamama wetu. Asubuhi ya harusi watu wa bwana harusi watakuja kumchukua bibi harusi, na kwa desturi yetu wanakuta geti limefungwa. Wanaimba nje, wetu wanawajibu ndani, mpaka turidhike. Kwa kawaida ni robo saa. Nimewaambia wamama wetu iwe saa nzima, na asiguse geti mtu yeyote mpaka nitoe amri mimi. Khalayi ataimba mpaka sauti imwishe.

Jumatano, 13 Julai

Siku mbaya. Si kosa la mtu.

Irungu alimchukua Fomeni kwenda kwa fundi wa nguo Makongeni kuleta suti yake ya harusi. Akaitandika kwenye kiti cha mbele. Njiani akahisi baridi, akafungua hita.

Alirudi nyumbani akiwa na madoadoa. Suti ina madoadoa. Dari ya gari ina madoadoa. Akasimama mlangoni, akauliza kwa sauti ya chini sana kwa nini gari la baba yake limemtapikia wimbi. Nikasema sijui. Njoki akacheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi. Halafu akaichukua suti akaenda kuifua, maana ana moyo wa babu yake.

Irungu akasema basi, imetosha, anampigia Mulama simu. Nikamkumbusha kwamba ni Jumatano, na Ijumaa iko pale pale alipoiacha.

Tukamsukuma Fomeni mpaka kwa Kimeu, mimi na wateja wangu watano wa asubuhi. Kimeu ana gereji ya jua kali, isiyo na paa, karibu na soko. Kijana mpole. Hakucheka. Akashika mipira miwili inayotoka kwenye injini kuingia kwenye hita. Akaniambia nishike pia. Mmoja unachoma. Wa pili baridi kama pua ya mbwa. Akasema maji yanaingia lakini hayapiti, kuna kitu kimekwama humo. Yanayotoka yanatokea kwenye tundu.

Akamwaga maji ya radieta, akang'oa kisanduku cha dashibodi, akafungua klipu mbili na skrubu nne, akatoa hita. Kidude kidogo, ukubwa wa Biblia ya mkono, kimeoza kijani. Akakizamisha kwenye karai la maji, akaziba bomba moja kwa kidole, akaniambia nipulize kwa lile jingine. Nikapuliza. Mapovu pande tatu!

"Shosho," akasema, kama vijana wanavyotuita sisi mabibi, "hii si hita. Hiki ni kichungi cha chai."

Halafu akakitikisa. Bonge likaanguka. Akalinusa. Akanitazama.

"Hili ni wimbi."

Nikamwambia dunia ina mambo.

Akaeleza. Anaweza kuiunganisha ile mipira miwili, maji yaipite hita kabisa. Kazi ya dakika kumi. Fomeni atatembea, ila bila moto. Nikakataa. Bedan hakuahidi gari la baridi. Njoki atakuwa amevaa lesi mikononi, Julai hii! Na kuna wateja wangu pia wa kufikiria, lakini hilo sikulitaja.

Basi tutafute hita nyingine, akasema Kimeu, ya gari la aina hii hii. Akaongeza kwamba uji umeingia hata kwenye radieta kubwa, inatakiwa kufunguliwa na kusafishwa siku nzima. Nikamwambia siku nzima hatuna, asuuze tu. Akasuuza. Akanionya Fomeni asisimame muda mrefu injini ikiwaka, atachemka. Na mshale wa joto ukipanda, nifungue hita yote mpaka mwisho, kwa sababu hita ni kama radieta ya pili, itanyonya moto kutoka kwenye injini.

Nikaitikia. Mimi husikiliza mafundi.

Alhamisi, 14 Julai

Kimeu ameuliza Grogan yote, kule kwa wauza vipuri, duka kwa duka. Hakuna. Magari ya aina ya Fomeni yamekwisha.

Nikakaa. Nikafikiri. Nikaruka!

Kuku wa Khalayi! Wanalala ndani ya gari! Marehemu mume wake pia alikuwa mtu wa reli, naye alinunua kutoka kwa Mzungu aliyekuwa akihama. Limesimama juu ya mawe nyuma ya nyumba yake Huruma. Sura ile ile ya Fomeni, mdomo ule ule.

Kumwomba? Khalayi? Nimwambie "mkwe, tafadhali"? Afadhali nisukume Fomeni mpaka kanisani kwa kifua.

Nikatia spana na bisibisi kwenye kiondo, nikafunika kwa majani ya sukuma wiki. Khalayi huenda kwenye chama chake cha akina mama saa tano. Saa tano na dakika kumi nikawa ndani ya gari lake. Kuku wakanitazama. Nikawasalimia. Nikalala chali chini ya dashibodi, miguu nje ya mlango, nikaanza. Klipu ya kwanza. Klipu ya pili. Mikono yangu ni ya kukoroga uji miaka thelathini, kazi ndogo. Skrubu moja. Skrubu mbili.

"Mkwe?"

Yesu wangu.

Kwetu mtu humheshimu mkwe wake mpaka huogopa kutafuna mbele yake. Na Khalayi alikuwa amesimama akitazama magoti yangu. Magoti yote mawili! Na shimizi yangu ya ndani, ile yenye kiraka.

Nikasema nimekuja kununua mayai.

Akasema, "Mayai yako kiti cha nyuma."

Nilitaka kuinuka, mgongo ukakataa. Basi nikamweleza yote nikiwa pale pale chini. Tundu. Kamba ya mtu wa vyuma. Ahadi ya Bedan. Uji pia nikautaja, kwa sababu mtu akiwa chali hana mahali pa kuficha kitu.

Nikasikia anachuchumaa. Akaniuliza kama ni kweli Bedan alimwahidi mtoto. Nikasema kweli. Kisha akasema ndani ya gari hili ndimo alimopelekwa hospitali kumzaa Patrobas, mumewe akipiga honi njia nzima kama mwendawazimu, na ndiyo sababu hajaliuza hata mwaka alipokosa unga. Kuku ni kisingizio tu.

Halafu akasema, "Sogea. Unaikaba hiyo skrubu kama mtu anayefungua soda."

Ana mikono huyu mama! Skrubu ya mwisho ilikuwa na kutu. Akaivuta mara moja. Hita ikatoka nzima, kavu, manyoya pande zote.

Nikamuuliza anataka nini. Akasema Jumamosi atakaa mbele ndani ya Fomeni, karibu na dereva, kutoka kwetu mpaka kanisani. Kiti cha mbele ni changu. Ni changu tangu mwaka wa Uhuru.

Nikasema sawa.

Akanipa na mayai matatu. Machozi yalinitoka kidogo. Vumbi la kuku.

Ijumaa, 15 Julai

Kimeu ameipuliza hita ya Khalayi mbele yangu. Kwanza manyoya. Halafu tukaizamisha kwenye karai, nikapuliza mpaka kichwa kikazunguka. Hakuna povu hata moja!

Akaipachika. Ilikuwa inacheza kidogo mahali pake, inagonga gonga. Nikaleta koti la reli la Bedan, lile zito nililokuwa nimelikunja kabatini. Nikakata kipande cha mfukoni mwenyewe, kwa mkasi wangu. Kimeu akakikunja pembeni mwa hita. Ikatulia. Akafunga mipira kwa klipu mpya, akajaza maji, akafungua koki ya hita, akaacha injini iungurume ili hewa itoke. Tukatandaza gazeti.

Kavu. Na moto! Moto mzuri kama wa jiko la asubuhi.

Njoki akapita kutoka kusuka nywele. Akaingia, akakaa mbele juu ya mto wa manjano, akanyoosha mikono kwenye moto. Kisha akasema, "Cucu, humu mnanukia Guka." Babu yake, yaani.

Nikamwambia hao ni kuku wa mama mkwe wake.

Lakini hata mimi nilimsikia.

Irungu amekuja, ameonja joto kwa kiganja, amelitazama gazeti mbele na nyuma. Amesema sawa, Fomeni atambeba. Lakini akizima njiani, Mulama yuko nyuma yake, na mtu wa vyuma atakuja Jumatatu.

Fomeni hazimi.

Jumamosi, 16 Julai

Mkono umechoka lakini lazima niandike.

Saa mbili asubuhi Njoki alikuwa ndani ya Fomeni, kiti cha nyuma, mzuri mpaka nikamkemea. Irungu kwenye usukani ndani ya suti ambayo ukiikaribia sana unapata njaa. Hakutaka kuzima injini, aliogopa isiwake tena mbele ya wakwe. Geti limefungwa. Mulama kaegesha lile jeupe nje. Khalayi na wamama wake wakaanza kuimba.

Wakaimba. Wetu wakakataa. Wakaimba tena. Wetu wakadai wacheze. Wakacheza. Robo saa ikapita. Nikashangaa kwa nini wetu hawafungui. Nikamnong'oneza mkubwa wao. Akasema, "Si ulisema saa nzima, na amri ni yako?"

Nilisema. Lakini hiyo ilikuwa Jumanne!

Na sasa nikitoa amri mapema, Khalayi atajua ameshinda kwa robo saa. Nikangoja. Hawa wakwe zetu wa magharibi wana nyimbo! Wimbo hauishi, unazaa mwingine. Dakika ishirini na tano. Njoki akafungua dirisha. "Cucu, mshale unapanda." Nikamwambia bibi harusi hatazami mishale. Dakika thelathini na tano. Mvuke mwembamba kwenye boneti. Irungu akanitazama kwa macho aliyonitazama nayo siku nilipompeleka kutolewa jino.

Halafu nikamwona Mulama. Amefungua mlango wa gari lake jeupe. Anapangusa kiti cha nyuma kwa leso. Polepole. Kwa huruma.

Huruma!

Nikakimbia. Mimi, na nyonga hii! Nikalifungua geti kwa mikono yangu, nikapaza sauti kwamba tumeridhika, mtoto ni wenu, nendeni! Wimbo ukakatika katikati. Khalayi hakungoja. Akaruka kiti cha mbele kama msichana, mimi nikajibana nyuma na shela. Fomeni akatoka akitoa moshi kama garimoshi la reli.

Jogoo Road mshale umefika kwenye nyekundu. Irungu akasema, "Mami, nasimama." Nyuma yetu Mulama anawasha taa. Hapo nikamkumbuka Kimeu. Nikapiga kelele, "Mkwe! Hita! Fungua mpaka mwisho!"

Khalayi hakuuliza kwa nini. Akavuta.

Moto ukatoka. Tanuri! Poda ya Khalayi ikashuka shingoni. Kilemba kikalegea. Manyoya yaliyokuwa yamebaki kwenye hita yakaruka yote pamoja kama kuku mzima. Irungu akawa anatokwa jasho. Njoki akawa anacheka. Na mshale ukashuka. Kidogo. Kidogo tena. Khalayi akaanza kuusoma kwa sauti, nasi tukawa tunaitikia kama kanisani.

Tukafika. Injini haikuzima hata mara moja.

Nikaangalia miguu ya Njoki akishuka. Viatu vyeupe, soksi nyeupe, kavu! Unyoya mmoja ulikuwa kwenye shela. Mchungaji alidhani ni pambo, akausifu.

Baada ya ibada nilimwona Irungu peke yake nje, kiganja juu ya boneti, akiongea. Sijui alimwambia nini. Aliponiona alikohoa, akasema yule mtu wa vyuma asijisumbue kuja.

Bedan, umesikia?

Jumapili, 17 Julai

Wakwe wamekuja kula. Khalayi ameniletea kuku mmoja, anasema huyo ndiye aliyekuwa mpangaji wa hita. Hatutamla.

Kimeu alipita kusalimia. Anasema uji uliobaki kwenye radieta kubwa ndio uliomchemsha Fomeni jana, na Jumanne atairudia kuisafisha vizuri. Nimemwekea sahani. Kijana mzuri, lakini hajawahi kuuza uji. Kilichomchemsha Fomeni ni nyimbo. Uji ndio uliomshikilia mpaka kanisani.

Mulama nimemkosea moyoni wiki nzima. Mtu mwema kabisa. Jana alitufuata njia yote, si kwa kiburi, aliogopa tutakwama. Leo ameamka mapema akaliosha gari lake zima kwa heshima yetu, akaliegesha hapa getini likimeremeta, bado limelowa. Nilipotoka kumwaga maji ya vyombo nimeona chini yake kuna tone. Halafu tone jingine. Linadondosha maji, gari jipya namna ile! Na yeye yuko ndani anakula mukimo, hajui lolote, maskini.

Mlango haukufungwa kwa ufunguo. Boneti sasa najua kuifungua. Radieta najua ilipo.

Nimeweka vikombe vitatu, uji wa leo, mzito kidogo. Sikumwambia mtu. Khalayi akasimama dirishani akaniuliza nafanya nini huko nje. Nikasema nashangaa uzuri wa gari la kaka yake.

Wanaaga sasa. Mulama ameniinamia kwa adabu, ananiita mama. Anasema hapitii hata Huruma, anaendesha moja kwa moja mpaka Kakamega.

Safari ndefu. Nimerudi mbio kumwongezea kikombe cha nne.